Shahidi Aliyeanguka Mwezini

Mimi Hawa nilitaka kitu kimoja tu: kusherehekea Idi na mutoto wangu Sumaya. Anaishi na baba yake mjini Liège. Msikiti wao ulishatangaza Idi ni kesho, na baba yake akanipigia: atamleta kesho tu, keshokutwa ana shule. Bon, kwetu Idi ni lini? Muulize Tonton Hamadi, mzee wetu, na kamati yake ya kutazama mwezi. Wazee hawa wa Bujumbura hawataki kusikia habari za simu. Mwezi lazima uonekane kwa macho, hapahapa Brussels, kwenye mawingu haya. Wananichosha, lakini ndio wazee wangu.

Magharibi tulijipanga kwenye baraza ya Tonton Hamadi, mtaani Auderghem, shingo juu. Mawingu matupu. Ndipo Ilyas, muuza simu, akatoa picha kuukuu aliyoinunua sokoni Flagey: mwezi, mashimo yote wazi.

“Umeonekana,” akasema. “Mwaka wa sitini na sita Wamarekani walituma chombo kiuzunguke, kabla mtu hajakanyaga huko. Kilipiga picha hii chenyewe.”

Nilidhani watamcheka. Wapi. Tonton Hamadi akavaa miwani.

“Shahidi huyo alikuwa peke yake?”

“Peke yake, tonton.”

“Ni mwadilifu?”

“Hajawahi kusema uongo.”

“Basi aje.”

“Hawezi. Alipomaliza kazi walimwangusha hukohuko mwezini.”

Wazee wakanyanyua mikono, wakamwombea dua ndefu. Mimi nikaona mlango umefunguka, nikadakia: “Tonton, muntu aliyekufa akitazama mwezi, mnamkatalia?”

Wakanong’onezana mpaka futari ikapoa.

“Hatumkatalii,” Tonton Hamadi akasema. “Ushahidi wake tumeupokea, kwa Idi ya mwaka ule. Kesho tunafunga.”

Nilikasirika hadi machozi. Lakini nikafunga.

Sumaya alikuja asubuhi na gauni jipya. Nikampakulia pilau, nikakaa mbele yake na saumu yangu, nikimtazama anavyokula Idi yake peke yake.

“Maman, mbona hauli?”

Nikamwambia shahidi wetu alianguka, akafa.

Akaweka kijiko chini, akazunguka meza, akanikumbatia shingoni na kunipa pole ya msiba. Nikaipokea. Nilikuwa naihitaji.