Majani ya Machinjio

Fomu za ukaguzi zilikuwa kumi na nne, na zote zilisema maneno yale yale: mtaro safi, harufu hakuna, maji ya kijito yana rangi ya kawaida. Gaudiosa alizisoma akiwa amesimama. Alisomea afya ya mazingira miaka mitatu chuoni, akazaa na kulea watoto watatu, na hajawahi kusikia machinjio yasiyonuka.

Mwandiko ulikuwa wa bosi wake, Rwekaza, mkuu wa dawati la mazingira la halmashauri. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooka, asiyependa kukorofishana na yeyote. Gaudiosa alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamishiwe huku upande wa Muleba kutoka Bukoba mjini, na Rwekaza alimweleza kwamba kazi yenyewe ni ndogo. Kijito kinachopita chini ya machinjio kilikuwa kitoe maji ya bomba kwa shule ya msingi ya Bugasha, yenye watoto mia sita. Bomba lilishalazwa. Ilibaki sahihi ya dawati lao kwamba maji yanafaa, na kamati ingekaa Ijumaa. Aende Jumatano, aangalie, ajaze fomu. Wenye machinjio walishapigiwa simu.

Gaudiosa aliuliza kwa nini wanapigiwa simu. Rwekaza alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini watu wanasalimiana. Huwezi kumwingilia mtu kwake bila kumwarifu, alisema.

Jumatano alipokelewa kama mkwe. Msimamizi, mzee Aristides, alikuwa amevaa koti, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilikuwa tayari juu ya stuli. Kuanzia mlangoni hadi mwisho wa mtaro yalitandikwa majani mabichi, laini, yaliyokatwa asubuhi ile, kama yale ambayo nyumba ya Kihaya hutandika sebuleni siku ya mgeni wa maana. Yalinukia vizuri. Chini ya harufu yao kulikuwa na nyingine, tamu na nzito, ya kitu kilichooza.

Hapo akazielewa zile fomu kumi na nne. Majani ya mgeni hukaliwa, hayafunuliwi. Kuyafunua ni sawa na kufunua shuka la kitanda cha mwenye nyumba. Kwa hiyo kila mara bosi wake alikaa, akatafuna kahawa, akauliza hali za watoto, kisha akaandika alichokiona.

Gaudiosa alivaa glavu, akachukua reki iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuvuta.

Kwanza walitoka inzi, wengi, wa kijani. Kisha kikaonekana kilichofunikwa: damu iliyoganda nyeusi, mavi ya matumbo ya wiki kadhaa, vipande vya ngozi, na funza wanene waliojikunja kwa kupigwa na mwanga. Aliufuata mtaro mpaka kwenye shimo la maji machafu. Ukuta wa shimo upande wa kijito ulikuwa umebomoka, na uozo ulikuwa ukitiririka polepole kuingia majini. Mita arobaini chini yake kilisimama kisanduku cha zege kilichopakwa rangi ya bluu. Hapo ndipo bomba la shule lingechukua maji.

"Umenivunjia heshima, mama," Aristides alisema nyuma yake, na sauti ilimtetemeka kweli. "Tumekupokea vizuri, waitu. Hata wakubwa wako hawajawahi kutufanyia hivi."

"Ungenitandikia sebuleni ningekaa, mzee. Hapa umeyatandikia mavi."

Wachinjaji wawili waliokuwa mlangoni walicheka, wakaona uso wa msimamizi, wakanyamaza. Aristides alijitetea kwamba aliomba saruji ya kujenga ukuta ule tangu mwaka juzi, kwa barua, akaambiwa hakuna tatizo linaloonekana kwenye ripoti. Gaudiosa alimwamini. Nani atakupa saruji ya kuziba mtaro ambao kwenye karatasi ni safi? Alimwamini, na bado hakutaka kumshika mkono kuaga.

Alijaza chupa za sampuli pale kwenye kisanduku cha bluu, akazipanga kwenye barafu, akazipeleka mwenyewe maabara mjini Bukoba siku ile ile. Usiku alioga mara mbili na bado mwanawe Joyness alisogeza kiti mbali naye mezani.

Majibu yalitoka Ijumaa asubuhi. Vimelea vya kinyesi vilikuwa vingi kupita kuhesabika. Rwekaza alimkuta kwenye korido nje ya kikao, akasoma fomu yake, akashusha sauti.

"Mama Joyness, neno 'funza' haliingii kwenye kamati. Andika 'changamoto ndogo za usafi'."

"Nimeandika nilichokiona, bosi. Ukitaka kingine, weka sahihi yako."

Hakuweka. Mwenyekiti wa kamati, diwani Benigna, aliisoma fomu mpaka mwisho, akakirudisha kipande cha andazi kwenye sahani. Akasema mradi usimame mpaka shimo lijengwe na chanzo cha maji kihamishiwe juu ya machinjio. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Rwekaza alikuwa akiitazama meza.

"Mheshimiwa," alisema, "fundi alishafungua maji Jumatatu. Ni majaribio tu."

Gaudiosa aliitazama mikono ya bosi wake, safi, kucha zimekatwa vizuri, imetulia juu ya faili. Jumatatu. Alimtuma Jumatano akaangalie maji ambayo watoto walikuwa wanayanywa tayari. Aliinuka bila kuomba ruhusa, akachukua ufunguo wa pikipiki ya ofisi.

Bugasha ilikuwa saa ya mapumziko. Watoto walijipanga kwenye bomba jipya, wa mbele ameinama, mdomo kwenye mfereji. Gaudiosa alimvuta begani, akapiga magoti kwenye tope, akaikaza valvu mpaka maji yakakatika. Waliokuwa nyuma walizomea.

Mwalimu mkuu, Celina, alitoka ofisini akikaza kilemba, akataka kujua ni nani anayewafungia watoto maji. Gaudiosa alimweleza kwa sentensi tatu, bila kulainisha hata moja. Celina aliligeukia bomba.

"Jana hawakuja thelathini na wanne," alisema. "Leo zaidi. Nilidhani wamebaki nyumbani kuchuma kahawa."

"Ulimuuliza mzazi hata mmoja?"

Gaudiosa alimwomba Celina daftari la mahudhurio. Akamwambia ampigie mganga wa zahanati sasa hivi, bomba lifungwe kwa waya na asiliguse mtu, maji yaliyobaki kwenye mapipa yamwagwe. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaanza kunakili majina ya wasiofika pamoja na vitongoji vyao. Alipomaliza darasa la pili alikuwa na kumi na moja. Wa karibu zaidi alikuwa Lameki, nyumba ya tatu baada ya kanisa. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kuanza na yeye.