Kipimo cha Landrova

Twalibu alifika kwa Nasor jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia, makusudi, ili alikute Landrova likiwa baridi. Gari kuukuu la dizeli likishapashwa moto na mwenyewe kabla mnunuzi hajafika, huwaka kwa kuguswa tu, na maradhi yake yote yakafichika. Kwa hiyo hata salamu hazijaisha, kiganja chake kilikuwa tayari juu ya boneti.

"Unalipima homa?" Nasor akauliza kutoka barazani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nakupima wewe."

"Umenionaje?"

"Baridi," Twalibu akasema, akaridhika.

Walikuwa wakitupiana maneno hivyo tangu ujana wao. Nasor, ambaye babu zake walitoka Omani wakafungua duka Tabora, ndiye aliyemuuzia Twalibu mabati miaka yote. Na Twalibu, fundi bati wa mtaa wa Gongoni, akayageuza ndoo, mifereji na vibatari. Siku hizi Nasor miguu inamvimba, haendeshi tena. Landrova lilikuwa limekaa uani mwaka wa pili, kuku wakitagia chini yake.

"Babu yako alikwenda Bagamoyo kwa miguu, pembe za ndovu begani," Nasor akasema. "Wewe Ziba hapo tu unataka gari."

"Babu yangu hakuahidiwa barabara na mtu."

Nasor akanywa kahawa yake. Alijua maneno hayo yanatoka wapi. Miaka mitatu nyuma, Batuli, mke wa Twalibu, alikwenda kumtembelea binti yao Shamila, aliyeolewa kijiji kimoja mbele ya Ziba. Mvua ikashika, mbuga ikajaa maji, naye tumbo likamkamata. Gari la wagonjwa, wakaambiwa, limeazimwa kwenye msafara wa mkubwa mmoja aliyekuja kukagua maendeleo. Basi wakampakia Batuli kwenye pikipiki, wakambana katikati ya dereva na mkwewe, ameketi wima, mtu ambaye hata kulala kulimliza. Wakanasa kwenye tope jeusi. Roho ikamtoka hapo hapo, bado ameketi. Twalibu shule aliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo aliifanya kila siku ya Mungu: mkubwa mmoja, magari tisa, mgonjwa mmoja, theluthi ya pikipiki.

Sasa Shamila alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na mvua zilikuwa njiani. Twalibu alikuwa ameapa kwamba safari hii haombi gari la mtu. Alikwisha kumpata mnunuzi wa mashine yake ya kukunjia bati. Akisema neno moja tu leo, mashine inaondoka na Landrova linakuja, na ndoo zake atazikunja kwa goti.

Akaingia uvunguni na nyundo yake ndogo. Bodi hakuligusa, lile ni aluminiamu, haliliwi na kutu. Kinachooza ni chuma cha chini. Akagonga taratibu, sikio limeelekea juu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ngo, ngo, ngo. Kisha, pu.

"Nasor, hapa pameoza, pakazibwa na kiraka."

"Najua."

"Fundi gani huyu aliyekuzibia hivi?"

"Wewe."

Twalibu akakitazama kile kiraka tena. Kweli, zile zilikuwa ribiti zake mwenyewe, za enzi macho yake yalipokuwa mazuri. "Basi kitadumu," akasema kutoka chini.

Nasor akajikongoja mpaka kwenye usukani. Akazungusha ufunguo nusu, akasoma Kulhuwallahu mara tatu, polepole. Ndicho kilikuwa kipimo chake cha kuzipasha moto plagi, na hakijawahi kumwangusha. Alipomaliza akauzungusha wote. Gari likakohoa, likatema moshi mweupe, kuku wakatawanyika, kisha likatulia likinguruma mahali pamoja.

"Sikufichi," Nasor akasema. "Mafuta linakunywa kama ng'ombe wa Ziba. Oili inadondoka. Spea utaagiza Dar, na utasubiri. Kwa mjini halikufai, ukifika sokoni utakuwa umechoka kuliko mzigo. Lakini topeni, ukiweka ile gia ya kuvuta magurudumu yote manne, hapo utanikumbuka."

"La mjini nina baiskeli. Mimi nalitaka la topeni."

Kilibaki kitu kimoja. Kwa ajili ya kitu hicho Twalibu alikwisha kuzikataa pikapu mbili juma lile, na wenyewe wasielewe zimekosa nini. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa mfukoni kamba nyembamba ya mkonge yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza akalishikiza kwenye sanduku la chuma la zana, lililochomelewa nyuma ya viti. Akaivuta kamba sakafuni mpaka mlangoni. Fundo la pili likagota kwenye kizingiti. Akafunga mlango. Ukafungika.

"Anatosha," akasema. "Atalala amenyooka."

Masika, mke wa Nasor, alikuwa anakuja na sinia la chai na vitumbua. Akasimama. Akaliweka sinia juu ya boneti bila kulitazama, akaja nyuma ya gari.

"Shemeji, hebu nipe hiyo kamba."

Twalibu akampa. Masika akaipitisha vidoleni, fundo hadi fundo.

"Haya mafundo niliyafunga mimi," akasema. "Moja kichwani, moja kwenye nyayo. Siku tuliyomwosha Batuli. Nikawatolea wanaume nje wapimie sanda na kaburi. Nilidhani ilitupwa."

"Niliiokota kizingitini."

"Na sasa unampimia nayo Shamila?"

Hakusema kwa ukali. Miaka mitatu ile kamba ilikuwa mfukoni mwa Twalibu, na kwa miaka mitatu kila kitu alichokiona, benchi, mkokoteni, kitanda cha gesti, alikipima kama kingemtosha. Hakuwahi kujiuliza kingemtosha nani.

"Shamila amekuzidi hata wewe urefu," Masika akasema. "Humo angekunja miguu."

"Sanduku nitalikata."

"Likate. Lakini nikuulize. Leo mbugani kuna maji?"

"Leo ni vumbi tupu."

"Na basi la abiria linafika?"

"Linafika."

"Sasa mtoto wako anasubiri mvua huko ya nini?"

Twalibu akaketi kwenye ngazi ya nyuma ya gari. "Mimba ya kwanza mtu huja kwa mama yake," akasema. "Nimwite aje kwa nani? Kwangu kuna nyundo na makopo."

"Mwenyewe hajakwambia kitu?"

Akataka kusema hapana. Kisha akakumbuka mwezi uliopita, simu ikikatikakatika kwa upepo, Shamila akiuliza, "Baba, chumba cha mama bado kipo?" Naye akamjibu, "Kipo, nimekifunga," akidhani anaulizia vitu vya marehemu. Shamila akajibu tu, "Haya."

Twalibu akayarudia maneno hayo kwa Masika, na alipofika kwenye lile haya akainamisha uso.

"Mama yake nilimwosha kwa mikono hii," Masika akasema. "Nitashindwa kumkanda yeye? Kutoka hapa mpaka Gongoni hata udi haujanitoka nguoni." Akamrudishia kamba. "Kunywa chai, shemeji, inapoa."

Nasor akazima injini. "Kwa hiyo leo sijauza gari."

"Hujauza."

"Kuku watashukuru." Akasugua goti lake. "Siku yake ikifika, nigongee tu. Nitalipasha, utaendesha wewe. Kulhuwallahu tatu, tuko hospitali."

Twalibu aliporudi nyumbani alimpigia yule mnunuzi akamwambia mashine haiuzwi. Kisha akafungua chumba cha Batuli, akatoa godoro juani, akafagia. Chandarua kilikuwa na pembe tatu zilizofungwa, ya nne inaning'inia. Akaitoa ile kamba. Fundo la kwanza lilifunguka upesi. La pili ilibidi alifungue kwa meno. Akafunga nayo pembe ya nne, akarudi nyuma kutazama, akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chumba nimekifungua."

Mbuzi walilia upande wa pili.

"Nije na basi la lini, baba?"

"Hata la kesho."

"Lakini kile kitanda cha mama ni kifupi. Miguu yangu itatoka nje."

"Simama mlangoni," Twalibu akamwambia, akitafuta futi yake mezani. "Mwambie mumeo aweke alama juu ya kichwa chako, apime mpaka chini. Na usivae viatu."

Akangoja, simu sikioni. Walipompa urefu, akaurudia kwa sauti mara mbili, akauandika kwa chaki ukutani juu ya kitanda, akaenda kuchukua mbao na msumeno.