Ukuta wa Mkunga

Mwanangu alikuwa anafungua na kufunga bomba la bafuni kwangu, mara tatu, mara nne, ili wageni wasikie maji yanavyotoka kwa nguvu. Mimi nimesimama mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi, kama mtumishi katika nyumba niliyoambiwa ni yangu.

"Hayakatiki," alisema. "Vyumba vitatu na bustani. Kwa kodi hii, kwetu hupati hata stoo."

Wageni wakaguna kwa kuridhika: mama mmoja, mumewe, na baba yake yule mama, dereva wa treni mstaafu, mzee mrefu aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyeniuliza kama maji yenyewe nayapenda.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, wanangu wawili walinikalisha kitako. Mkubwa, ndivyo tumwitavyo kifungua mimba wangu, alikuja na karatasi yenye safu mbili: bei za kwetu na bei za nchi jirani. Nyanya, gesi, kodi, daktari wa macho. Kila mstari nchi jirani inashinda.

"Mama, pensheni ya marehemu baba hapa haimalizi mwezi. Kule utaishi kama mke wa waziri."

Mdogo wake akanionyesha picha ya bustani kwenye simu. Jamani, nimeshona sare za shule miaka arobaini, mtaa mzima waniita Mama Pindo kwa sababu pindo langu halifumuki. Mtu aliyekwisha kukata kitambaa kabla ya kumpima mteja namjua kwa macho. Lakini nilinyamaza. Wamesoma, nikajiambia, na wananitakia mema. Hasira yangu ya kwanza ni juu ya ule unyamavu wangu.

Kwenye karatasi ile hakukuwa na ukuta. Chumba changu cha kupanga na cha mkunga mstaafu viligawana ukuta mmoja, mwembamba hata nikipiga chafya yeye ndiye anayenipa pole. Kila asubuhi, anayetangulia kuamka anagonga kwa mwiko mara tatu, na mwenzake anajibu mara tatu. Nimeamka, na wewe? Basi. Miaka kumi na tisa. Mkunga alikuwa na msemo wake: amewapokea watu wengi mno duniani, haiwezekani yeye aondoke bila wa kumsindikiza.

"Siku nisipojibu, vunja mlango, usione haya," aliniambia. "Ila ukinikuta nimelala tu, mlango juu yako, utaulipa!"

Tukacheka, mimi huku, yeye kule.

Sisemi uongo, nchi jirani maisha yalikuwa ya bei nafuu. Nilikula matunda mpaka nikayachoka. Alikuja dada wa kazi, mwenye adabu, aniite bibi, apike, afue, aondoke saa nane. Majirani walinisalimu kupitia geti, wakaamini mwenye geti refu kama lile hana shida. Nilitaka kushona. Nikagundua fundi wa pale anashona gauni zima kwa pesa ambayo kwetu ni ya kubadilisha zipu. Nikifungua kazi, ama namnyang'anya mkate wake, ama nashona bure. Cherehani nikaifunika shuka.

Asubuhi ya kwanza kule niliamka nikagonga ukuta kwa mwiko, bila kufikiri. Upande wa pili ilikuwa bustani.

Nilikuwa nikimpigia Mkunga kila Jumapili. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Nilipomuuliza Mkubwa, alijibu haraka, "Mzima, Mama. Simu tu ndiyo mbovu." Miezi miwili jibu lilikuwa hilo hilo.

Sasa rudini kwa wale wageni wa bomba. Wameketi sebuleni, nimewapa chai, na ndipo ninapofahamu wamefuata nini. Mwanangu, Mkubwa huyu huyu, amefungua ofisi. Anahamisha wazazi wa watu. Na mimi, Mama Pindo, ndiye sampuli yake. Wateja wanaletwa wanitazame kabla ya kulipa.

"Mimi siuzi maneno," alisema, "mama yangu mzazi ndiye huyu. Kule alipokuwa anaishi, mnajua kilichotokea? Mzee wa chumba cha pili, mkunga mzima, alifia ndani. Siku tatu hakuna aliyejua! Ndiyo uzee wa kwetu huo. Hapa dada anakuja kila…"

Akakatika. Alikuwa ameyasema maneno yale kwa wateja wengi mno, akasahau mimi sikuwa mteja.

"Mkunga gani?" nikauliza.

"Mama, sikutaka usumbuke."

"Siku tatu?"

"Mama, kuna wageni."

"Wageni ndio wasikie! Alikaa siku tatu kwa sababu wa kumgongea mlimleta huku kula nyanya za bei rahisi. Mliniondoa mimi, mkanificha msiba wa mwenzangu, na sasa maiti yake unaipigia debe? Mwanangu wa kumzaa!"

Nilikitua kikombe kwa kishindo hadi chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza nilichokishona mwenyewe. Mkubwa aliinama kuifuta. Nikamwambia aache.

Yule mzee wa treni akavaa kofia yake.

"Twende nyumbani," alimwambia binti yake.

"Baba, bado hatujaona jiko."

"Nimeona."

Lilikuwa neno lake la pili tangu aingie. Tangu siku ile sijamwona tena, wala sijui kama walimsikiliza.

Wiki iliyofuata nilipanda basi na cherehani yangu. Chumba changu cha zamani kilikuwa na mpangaji, kijana mlinzi wa usiku kiwandani. Cha Mkunga kilikuwa wazi, watu wanakiogopa. Mlango wake ulikuwa mpya, mbao bado zinanukia rangi, na mwenye nyumba akaniambia kwa aibu kwamba kodi imepanda kidogo ili kufidia ule uliovunjwa.

Nikalipa, nikahamia. Habari ya mlango tulikwisha kukubaliana, mimi na Mkunga.

Mkubwa hupiga simu bado. Huniuliza nyanya ni bei gani siku hizi. Namwambia ghali, baba, ghali sana, na narudi kwenye pindo langu.

Asubuhi nachukua mwiko nagonga mara tatu. Yule mlinzi alikuja kulalamika, kwamba ndiyo kwanza anapata usingizi. Nikamweleza yote, kasimama pale mlangoni, kisha akarudi kulala. Siku hizi hujibu mara moja tu, kwa ngumi, kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Inanitosha.