Kisu cha Nunow Gurey

Mtu anayekutengenezea kitu halafu anakataa malipo, mimi humwogopa kuliko mwizi. Mwizi angalau unajua anataka nini.

Ndivyo nilivyomtazama Mwalimu Ndirangu tangu ahamie nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Garissa. Anafundisha kemia. Jioni, wenzake wa bara wakienda kunywa chai, yeye huketi barazani mbele ya ubao mrefu uliojaa visu vikuukuu vya kazi, vingi vya kukunja, alivyovitoa kwa wauza vyuma sokoni. Anaviroweka kwenye siki, anavisugua kwa msasa, anavitia mafuta ya cherehani, anavinoa taratibu kwenye jiwe. Kikishang'aa, anakipanga kabatini na kukitazama. Hauzi hata kimoja. Hakati nacho hata kitunguu.

"Ni hobi yake, Raho," jirani yangu Ruqiya aliniambia akicheka.

Hobi! Mimi nimekulia nyuma ya ngamia. Huko kitu kisicho na kazi huachwa njiani. Mwanamume mwenye akili timamu anakusanya visu arobaini vya nini?

Lakini shida haina adabu, na shida ndiyo iliyonipeleka kwake. Kaka yangu Abdirahim, aliyeko Tarbaj, alipata mtoto wa kiume siku ya Jumamosi, wa kwanza baada ya miaka kumi na moja ya ndoa. Akika ya mtoto ingekuwa Ijumaa, siku ya saba. Na kwetu kondoo wa akika huchinjwa kwa kisu kimoja tu, cha kukunja, ambacho baba yangu alikinunua Mandera kabla sijazaliwa. Mimi nilichinjiwa nacho. Kaka zangu pia, na wanangu wote hadi Guleid, kitinda mimba wangu, ambaye sasa ana miaka tisa. Tangu siku ile ya Guleid kisu kilikaa sandukuni, na nilipokitoa kilikuwa kimeshikwa na kutu, kimejifunga, hakifunguki hata kwa koleo.

Baba yangu, ninayeishi naye hapa, anaitwa Nunow, lakini watu wote humwita Gurey, yaani wa mkono wa kushoto. Kuchinja anachinja kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Kazi nyingine zote ni kushoto. Macho yake yamekwisha kwa mtoto wa jicho.

"Abdirahim atanishikia kichwa cha kondoo," aliniambia. "Macho siyahitaji, mkono wangu unakijua kisu changu. Wewe nifungulie tu, Raho. Nimchinjie huyu kabla sijafa."

Basi la Wajir ambalo baba angepanda lingeondoka Alhamisi alfajiri. Jumatatu nikampelekea Ndirangu kile kisu.

Alikigeuza mkononi kama daktari anayemshika mtoto mgonjwa. "Njoo Jumatano, Mama Guleid. Kitafunguka."

"Bei ngapi?"

"Hakuna bei. Mimi nafurahia tu."

"Unafurahia nini?"

"Kuona kilichokuwa chini ya kutu."

Hilo lilikuwa jibu la mtu anayeficha jambo. Jumanne nilichungulia kwenye ua mara tatu, na mara ya tatu nikamwona ameshika visu viwili pamoja, kimoja kila mkono, anavilinganisha. Vinalinganishwa vya nini kama havibadilishwi? Sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Jumatano baada ya alasiri nikaenda. Alikuwa amekifunga ndani ya gazeti. Alipolifungua, nikaona kisu kipya kabisa. Mpini mweusi wa pembe, unang'aa. Ubapa mweupe, unafunguka bila sauti. Mimi kisu chetu nilikijua, kilikuwa cha rangi ya matope yaliyokauka. Nikakikagua. Karibu na mgongo wa ubapa, pale pa kutia ukucha ili ukifungue, palikuwa na mfuo ulionyooka. Nikakigeuza. Upande wa pili palikuwa na mfuo mwingine, umepinda, kama umechongwa na mlevi.

"Kisu yetu haina hii," nikasema.

"Ilikuwa chini ya kutu. Kuna mtu aliichonga kwa tupa. Hata mimi nilishangaa, kwa sababu kwa kawaida—"

"Usinichezee, mwalimu. Kisu yangu iko wapi?"

"Ni hiki, Mama Guleid."

"Wallahi si hii!"

Alinitazama kwa upole, na upole huo ukanichoma zaidi. "Ngoja kidogo," akasema. "Nilikipiga picha Jumatatu kabla sijakigusa. Nilete simu uone."

Akaingia ndani. Picha! Siku hizi picha inaweza kukuonyesha ng'ombe anaruka. Nikatupa macho kwenye ubao, na pale mwisho, peke yake, mbali na vingine, nikakiona. Urefu uleule, kutu ileile, kimejifunga vilevile. Mpini tu ndio ulikuwa umezungushiwa mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli, umekazwa kwa waya mwembamba. Chetu hakikuwa na mpira, lakini hilo halikunisumbua hata dakika moja. Mwizi akiiba mbuzi si humpaka rangi?

Nikakiacha kile kinachong'aa mezani, nikachukua changu, nikatoka.

"Mama Guleid! Hicho hapana!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Tafadhali, hicho hapana!"

Hakunifuata. Mwalimu wa bara akimkimbiza mwanamke wa hapa barabarani, umati hautauliza swali la pili, na yeye alilijua hilo. Mimi nililijua pia, nikatembea polepole makusudi. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilijiona mwanamke wa shoka.

Nyumbani nikakata ule waya, nikaubandua mpira, nikavitupa vyote kwenye jiko lililokuwa na makaa. Mpira ukanuka nyumba nzima. Kisha nikakisugua kisu kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikaniuma. Hakikufunguka, lakini nilijiambia Abdirahim atapata fundi huko Tarbaj. Kisu kilichofungwa ni afadhali kuliko kisu cha watu. Nikampelekea Aabo, baba yangu, uani alipokuwa amekaa kwenye mkeka akisubiri magharibi.

Alikipokea kwa mkono wa kulia, akakihamishia wa kushoto. Kidole gumba kikapapasa mgongo wa ubapa, kikarudi, kikapapasa tena. Uso wake ukabadilika.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni chako, Aabo."

"Changu kina mfuo upande huu. Nilichonga mwenyewe kwa tupa, siku ileile niliyokinunua Mandera. Hivi visu hutengenezewa watu wa kulia, Raho. Mimi ukucha wangu ulikuwa hauna pa kushika." Akakiweka mkekani. "Umekipoteza?"

Hakusema kwa hasira. Angenikaripia ningepata nafuu. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kulikubali jibu, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote nilidhani nakijua kisu cha baba yangu, kumbe nilikuwa naijua kutu yake.

"Sijakipoteza," nikasema. "Nakuja."

Nilikwenda karibu kukimbia. Ndirangu alikuwa amekaa palepale barazani, hafanyi kitu. Gazeti lilikuwa mezani, limefungwa upya vizuri, na uzi juu yake. Aliponiona akasimama, akaninyooshea lile gazeti kwanza, kabla sijafungua mdomo.

"Mzee anasafiri kesho," akasema. "Kimetiwa mafuta. Asikiache kwenye unyevu."

Nikampa chake. Akakipokea kwa mikono miwili. Akaona kilivyosuguliwa. Kisha mkono wake ukafika kwenye mpini, na mpini ulikuwa mtupu.

"Kulikuwa na mpira," akasema.

"Nilichoma."

Ningeweza kusema umepotea. Ilinijia kusema hivyo, lakini nilikuwa nimechoka na werevu wangu.

"Ni cha baba yangu," Ndirangu akasema. "Alikuwa akipogolea kahawa nacho. Mpini ulipasuka, akaufunga na tyubu ya baiskeli yake. Aliyekifunga hiki kisu mara ya mwisho ni yeye, ndiyo sababu sikutaka kukifungua, wala kukisafisha. Jana nilikuwa nakilinganisha na cha mzee wako. Vinafanana sana."

"Pole, mwalimu. Pole sana."

"Nenda, Mama Guleid. Magharibi inaingia."

Hakunialika kukaa. Nami sikustahili kiti.

Alfajiri, kwenye kituo cha basi, Aabo alikitoa kisu mfukoni, akakifungua kwa ukucha wa kushoto, akakifunga, akakifungua tena. Alicheka peke yake kama mtoto. Basi lilipowashwa akanishika mkono.

"Wewe humwamini mtu yeyote, nakujua. Huyu mwalimu alitaka nini?"

"Hakutaka kitu, Aabo."

"Umemshukuru vizuri?"

Nikasema ndiyo. Basi likaondoka.

Niliporudi nyumbani nikayachekecha majivu ya jiko kwa mikono. Mpira ulikuwa umekwisha. Nilipata waya tu, kipande cha urefu wa kidole, umepinda bado kwa umbo la ule mpini. Nimeufunga kwenye ncha ya mtandio wangu. Akika ilipita, mtoto anaitwa Nunow, na Mwalimu Ndirangu bado ananisalimia kila jioni nikipita, "Habari, Mama Guleid," na mimi huitika, nashika ncha ya mtandio, na kupita.