Mwendo wa Saa Kumi

Bi Intisar alikuwa mjane wa siku hamsini na tatu, na jicho lake lililobaki lilikuwa linaingia kiza. Ndiyo hali yenyewe, wala sina namna ya kuipaka rangi.

"Sukari isiposhuka, mama, hilo nalo litakwenda," nesi Priscah alimwambia, alipokuja kumpima nyumbani. "Ule mwendo wako umeuacha?"

Hakuuacha, alijibu, anatembea uani kila siku baada ya alfajiri. Loo! Priscah alishika kichwa. Si walishapima mwaka mzima wakaona? Asubuhi mwili wa Intisar ulikuwa mkaidi, atembee asitembee, sukari iko palepale juu. Jioni, akitembea nusu saa baada ya swala ya alasiri, inashuka. Ndiyo maana marehemu Abdulkadir alikuwa akifunga duka lake la Ndia Kuu saa kumi kamili, wateja wakimshangaa, akaenda na mkewe mpaka ufukweni Mama Ngina.

"Nimekaa eda, sitoki," alisema Intisar. "Na saa kumi ndipo wanawake wanapokuja kunipa makiwa. Niwaache na kahawa yao nizunguke ua kama mwenda wazimu?"

Nani angembishia? Eda ni eda. Lakini maneno yale yalikuwa uongo mtupu, maana tangu arubaini ipite wageni walikuwa wa kuhesabu. Saa kumi ikifika alijifungia chumbani, shuka usoni, mpaka magharibi. Saa ile ilikuwa yao wawili, na kuitembea peke yake aliona ni kumzika mume mara ya pili.

Binti yake Manar alilijua hilo. Kesho yake, saa kumi, aliingia chumbani bila hodi.

"Mama, baba nimeshamlilia. Sasa wataka upofuke, nikushike mkono mpaka chooni? Inuka!"

Aliinuka, kwa hasira zaidi kuliko kwa utii. Wakazunguka ua wa ndani, chini ya kamba ya nguo, jirani yao Mwanarusi kaketi na kikombe chake, macho kayatoa. Mzunguko baada ya mzunguko, nusu saa nzima.

Baadaye Manar alimtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye mashine.

"Nane! Mama, kutoka kumi na sita ya jana!"

Mwanarusi alipiga kigelegele, kisha akakumbuka nyumba ina msiba, akajiziba mdomo. Intisar aliisogeza mashine karibu na jicho, akaitazama sana. Uso ukamkunjamana, akalia kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia.

"Si imeshuka, mamangu?" Manar alimkumbatia. "Walia nini tena?"

"Kila jioni nilimwambia baba yako, si mwendo unaonishushia sukari, ni wewe," alisema Intisar. "Na masikini aliniamini."