Swali Lililolainishwa

Mkalimani wa chuo aliugua ghafla asubuhi ile ile ya mtihani wa kutetea tasnifu, basi dada wa mtahiniwa akaingia mahali pake. Walimkubali kwa sababu kazi yake ni hiyohiyo ya lugha ya alama, na kwa sababu alitia saini fomu kwamba hataongeza neno wala kupunguza. Akikiuka, mtihani unaweza kufutwa, na kibali chake cha ukalimani kinakwenda na maji.

Mtahiniwa alikuwa mdogo wake, Wakili. Jina la nyumbani hilo. Tangu utotoni, ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Miaka mitatu alikuwa akiandika tasnifu moja. Tangu Wagiriki wa kale mpaka Wazungu wa juzijuzi, aliandika, wanafalsafa wengi wamefundisha kwamba kufikiri ni nafsi kujisemesha kimyakimya. Yeye alizaliwa hasikii. Hakuwahi kuwa na sauti yoyote kichwani, na alikuwa akifikiri vizuri tu, asante.

Saa nzima mambo yalikwenda sawa. Kisha mtahini wa nje, bwana wa makamo mwenye miwani puani, akaifunga tasnifu.

"Mwulize," alimwambia dada, bila hata kumtazama mwenyewe. "Mtu asiyewahi kusikia anajuaje kwamba hana sauti ya ndani? Si sawa na kipofu kutuhakikishia kwamba chumba hakina picha?"

Damu ikampanda dada kichwani. Fidhuli mkubwa! Mikono yake ikajiamulia: "Anaomba urudie msingi wa hoja yako."

Wakili akatabasamu, akaeleza tena yale ya ukurasa wa kwanza, na dada akayatamka kwa sauti nzuri.

"Amekwepa," mtahini akamwambia mwenyekiti, mama mmoja aliyekuwa akiandika kila kitu. Kalamu ikaanza kutembea.

Dada aliitazama ile kalamu. Akinyamaza, mdogo wake ataanguka kwa swali ambalo hakuulizwa. Akisema, huenda wote wawili wakaanguka. Na Wakili alikuwa keshaanza kumkazia macho. Uso wa dada yake alikuwa akiusoma tangu hajajua kusoma.

"Mama, usiandike," akasema. "Hakukwepa. Mimi ndiye niliyelibadilisha swali." Na mikono yake ikamwambia mdogo wake hayohayo.

Mwenyekiti alimtazama hata dada akatamani sakafu immeze. "Hilo linaingia kwenye ripoti, na utaitwa ofisini," akasema hatimaye. "Sasa mfikishie. Neno kwa neno."

Akamfikishia, pamoja na yule kipofu. Alingoja kumwona akinywea. Macho ya Wakili yakawaka kwa furaha, na mikono yake ikaanza kwenda kasi hata dada akapata tabu kuifuata.

"Umeuliza vizuri. Mimi sijui kama ninyi mna sauti humo ndani. Nawaamini kwa kuwa mmesema. Basi nami niamini. Nikifikiri, naona mikono. Wenzako walichungulia vichwani mwao, wakakuta sauti, wakaandika kwamba ndivyo binadamu alivyo. Hakuna aliyemwuliza jirani. Sasa kipofu wa mfano wako ni nani?"

Mtahini akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akaifungua tena tasnifu.

Baada ya nusu saa mwenyekiti aliwafuata nje kwenye korido. Wakili amefaulu. Dada afike ofisini Jumatatu, na kibali chake aje nacho.

Dada alitaka kumkumbatia mdogo wake, lakini Wakili akarudi nyuma hatua moja, apate nafasi ya kusema.

"Swali lile lilikuwa zuri kuliko yote. Dada, umenilainishia mangapi?"

"Hilo tu," mikono ilitaka kusema, ikashindwa. Kulikuwa na mwalimu wa darasa la tatu. Kulikuwa na daktari. Wakili akaiona ile mikono iliyosimama hewani.

"Baba wa yule binti," akauliza, "siku tulipokwenda kumposa. Uliniambia keshachumbiwa. Alisema nini hasa?"

Dada aliweka mkoba wake chini, maana hili lilihitaji mikono yote miwili.