Ukimya wa Ubeti wa Pili

Dada ananyamaza katikati ya wimbo, na ukumbi mzima unanyamaza naye. Nyuma yake, mimi na rafiki yetu Kidoti tunashusha maiki, tunahesabu hadi nne. Watangazaji wanausifu ukimya ule. Wanasema ni ufundi.

Ukimya ule ni wangu.

Niliacha shule darasa la tano, mama alipoanza kuugua. Kusoma najua, ila kuandika kunanichelewesha. Nikimaliza mstari mmoja, wa pili umeshatoroka. Kwa hiyo nyimbo zangu nazitunza mdomoni. Kundi letu la watatu lilipopata jina, Dada akaanza kutafutiwa wimbo wa kuimba peke yake. Mimi nilikuwa nao mmoja, niliomtungia mama, niliotaka kuuimba mwenyewe, hata mara moja tu. Nikamwomba Dada aniandikie.

Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, daftari magotini. Niliimba nikiutazama ukuta, maana nikitazamwa sauti hunikauka. Kwenye ubeti wa pili mama akaita kutoka chumbani. Nikanyamaza, nikasikiliza kama ataita tena. Hakuita. Nikaendelea.

Mwezi mmoja baadaye niliusikia redioni, nikimwosha mama miguu. Sauti ya Dada. Ulipofika ubeti wa pili, akanyamaza palepale.

Mama akatabasamu. "Mwenzio huyo anaimba. Na wewe, mama, utaimba lini?"

Nikaendelea kusugua kisigino.

Kesho yake nilimfuata Dada kwenye chumba cha mazoezi. Kidoti akajifanya anafunga kamba za viatu. Dada hakukana.

"Ungeuimbia wapi, mdogo wangu? Ukutani?"

Kidoti alicheka, kisha akainamia viatu tena. Dada akanieleza kwa upole kwamba jina lake likipanda na kundi linapanda, na mama anapata dawa. Mkono mmoja haulei mwana. Wala haumwoshi mama, nilijibu, lakini moyoni. Alisema kweli tupu. Ndiyo maana sijamsamehe.

Mama alifariki Dada akiwa safarini na wimbo ule.

Sasa kila Jumamosi, moja, mbili, tatu, nne. Watu wanabana pumzi, macho kwa Dada. Mimi nageuza uso pembeni, nasikiliza kama mama ataita tena. Kidoti ananigusa kiwiko, nami naingia na sauti ya pili.